Tusiyadharau majamvi ya mafunjo tujengapo

Kila mwalimu aliyewahi kufundisha katika vilima vya Maseno anaijua saa ile ya alasiri ambapo hana budi kuiweka chaki chini na kuketi. Wingu hutanda, upepo huyabamiza madirisha, na kufumba na kufumbua mvua huanza kuyapiga mabati kwa kishindo ambacho hakuna koo la binadamu liwezalo kushindana nacho. Wanafunzi hufurahi. Mwalimu huandika ubaoni mstari mmoja au miwili, kisha hungoja. Na kabla ya mvua hiyo kufika, darasa lile lile huwa limepikika kwa joto tangu saa tano, hata watahiniwa wanasinzia macho yakiwa wazi.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba hayo ni majaliwa ya kazi yetu, mfano wa vumbi la chaki. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu vipimajoto viwili vya maabara, kimoja wakitundike kivulini chini ya mwembe, cha pili wakining'inize darasani. Walipovilinganisha saa nane mchana walinijia mbio wakidai kuwa kile cha darasani kimeharibika. Nikawaambia wavibadilishe mahali. Kilichoharibika kikapona chini ya mwembe, na kile kizima kikaugua darasani. Somo lilikuwa limekwisha kabla sijafungua kitabu.

Nalikumbuka jambo hili kwa sababu nimestaafu, na kama wastaafu wengi nimejitia katika ujenzi wa nyumba kwa zile fedha za mkupuo ambazo hazirudi mara ya pili. Fundi wangu ni kijana niliyemfundisha, stadi wa kazi yake, ambaye hadi leo haniiti kwa jina ila Japuonj, yaani mwalimu. Alinichorea nyumba nzuri ya kutazamwa. Kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati ya rangi lililokatwa sambamba na ukuta, madirisha mapana yakiielekea barabara iliyo upande wa magharibi. Nilipomwuliza habari za dari alinijibu kwa upole, "Japuonj, dari tutaweka baadaye, pesa zikipatikana."

Msomaji mpendwa, wewe na mimi tunajua nyumba ngapi katika nchi hii zinangoja dari ya baadaye. Familia huhamia, watoto huzaliwa, hukua na kuoa, na dari bado inangojwa. Dari imehesabiwa kuwa pambo, kitu cha kuwekwa pamoja na mapazia na makochi. Nami ninasema kwamba kwa mtu anayejenga juu ya mstari wa Ikweta, dari ni ya kwanza baada ya paa lenyewe. Afadhali nyumba isiyopigwa lipu kuliko nyumba isiyo na dari.

Sababu yake imeandikwa kando ya barabara yetu. Msafiri atokaye Kisumu kuelekea Busia hukiona pale Maseno kibao cha Ikweta, na watoto hupiga picha mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Wachache hujiuliza mstari ule una maana gani kwa nyumba zilizo kando yake. Maana yake ni kwamba jua halitujii kwa ubavu kama linavyowajia watu wa Ulaya, ambao huelekeza vyumba vyao kusini ili liwapashe joto. Sisi hutupiga utosini. Mwezi Machi na mwezi Septemba hupita juu ya vichwa vyetu sawasawa, na kijiti kilichosimamishwa wima hukosa kivuli. (Hilo halitokei saa sita kamili, bali saa saba kasoro, kwa kuwa saa zetu zimefuata longitudo ya digrii 45 mashariki ilhali Maseno iko karibu na digrii 34 na nusu. Wanafunzi wa jiografia na wakokotoe wenyewe.) Katikati ya Juni jua husogea digrii 23 na nusu kuelekea kaskazini, katikati ya Desemba kiasi hicho hicho kuelekea kusini, kisha hurejea. Ukuta wa kaskazini na wa kusini, kwa hiyo, hupata jua la juu ambalo upenu wa kawaida huweza kulizuia. Chukua ukuta wa futi nane na upenu wa mita moja, uchore pembetatu yako, utaona kwamba hata mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huufunika ukuta karibu wote. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua la chini, la asubuhi na la jioni, ambalo hakuna upenu uwezao kulizuia. Lakini linalobeba mzigo mkubwa kuliko kuta zote nne ni paa.

Mchana wa jua kali kila mita ya mraba ya bati hupokea nguvu ya jua ipatayo wati 1,000. Paa la nyumba ndogo ya mita 50 za mraba hupokea basi wati 50,000, ambazo ni sawa na pasi hamsini za umeme zilizowashwa na kupangwa juu ya vichwa vya waliomo. Sehemu ya nguvu hiyo huakisiwa, hasa bati likiwa jipya na jeupe. Bati lililoshika kutu, au lililopakwa rangi ya damu ya mzee inayopendwa siku hizi, huimeza sehemu kubwa zaidi. Kisha bati lililopata moto huurusha ule moto chini kama jiko. Usiku mambo hugeuka. Bati lile jembamba huupoteza ujoto wake kwenye anga tupu upesi sana, na kwa kuwa Maseno iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, alfajiri mtu hutetemeka kitandani katika nyumba ambayo mchana wake haikukalika.

Hapo ndipo wazee wetu wanapokumbukwa. Nyumba ya Mluo ya zamani ilikuwa na paa nene la nyasi lililoshuka chini ya kuta, likishikiliwa na nguzo kuizunguka nyumba, hata ukuta wa udongo haukulijua jua wala mvua. Nyasi zenye hewa ndani yake hazipitishi joto kwa wepesi. Hata hivyo, sitajiunga na wale wanaoimba sifa za nyasi huku wakilala chini ya vigae. Nililelewa katika nyumba ya nyasi. Nakumbuka wadudu waliodondoka katika uji, kuvuja kwa masika, hofu ya moto, na taabu ya mama yangu aliyekwenda kuteka maji mtoni ilhali maji ya mvua yalikuwa yakipotea uani. Mvua ya Maseno hukaribia milimita 1,700 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 50 za mraba hutega kama lita 85,000 kwa mwaka, hata ukitoa zitakazomwagika bado ni mitungi mingi isiyobebwa kichwani na binti wa mtu. Bati limetuokoa na mengi. Kosa letu ni kulitia bati bila kukirudisha kile ambacho nyasi zilikuwa zikitufanyia bure.

Utafiti ulionifungua macho haukufanywa na wasanifu majengo. Ulifanywa na wataalamu wa mbu, na mahali penyewe ni Ahero, penye mashamba ya mpunga, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Harrysone Atieli na wenzake, akiwamo Andrew Githeko wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, waliishughulikia shida inayojulikana kwa kila mwenye nyumba ya kijijini. Kati ya ukuta na paa huachwa mwanya, upepo uingie na moshi utoke. Mbu wa malaria naye hupitia humo humo. Ameruka juu ya ukuta akifuata harufu ya mtu aliyelala, anaukuta mwanya, anaingia. Ukiuziba mwanya unamzuia mbu, lakini umelifungia joto na moshi ndani. Watafiti hawa hawakuuziba. Walichukua majamvi ya mafunjo, haya haya yanayosukwa kandokando ya ziwa, wakayatandaza kuwa dari chini ya mwanya, katika nyumba za wanakijiji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Katika nyumba zilizowekwa dari hiyo, mbu wa aina mbili zinazotuletea malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, walipungua kwa zaidi ya robo tatu wakilinganishwa na wale wa nyumba zisizo na dari.

Niliposoma habari hizo nilisimama nikazunguka meza. Wale walikuwa wakihesabu mbu, lakini mwalimu wa sayansi hawezi kuitazama dari hiyo asione na mengine. Mwanya ukibaki wazi juu ya dari, hewa iliyopata moto chini ya bati ina mahali pa kutokea, haiwashukii watu. Jamvi lenyewe limejaa vijitundu vya hewa, sawa na nyasi za zamani, hivyo huukatiza mwali wa bati. Na kishindo cha mvua hukutana na kizuizi kabla ya kumfikia mwalimu. Kitu kimoja, kisichotumia hata wati moja ya umeme, kinapunguza mbu, joto na kelele.

Mtu asidhani kwamba hii ni sayansi ya kimaskini. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alikijengea kijiji chake shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Alitengeneza dari ya matofali ya udongo yenye matundu, kisha akaliinua paa la bati juu yake, upepo ukapita katikati na kuondoka na joto. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo ni kama Nobeli, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Hapa kwetu Kenya amejenga chuo kando ya Ziwa Turkana chenye minara mirefu ya kutolea hewa ya moto, mfano wa vichuguu vya mchwa. Wazo la Gando na wazo la Ahero ni ndugu wa tumbo moja.

Basi nikamwendea fundi wangu na mpango. Nyumba igeuzwe, ncha zake nyembamba zitazame mashariki na magharibi, na barabara itajionea ubavu. Upenu utoke nje mita moja. Dari iwe ya majamvi ya mafunjo. Mawili ya kwanza aliyakubali, ingawa kwa kunung'unika. La tatu lilimfanya aivue kofia.

"Japuonj," akasema, "hayo ni majamvi ya kuanikia nafaka. Watu watasema pensheni imekwisha kabla ya nyumba."

Mama watoto, ambaye amenivumilia katika majaribio mengi, naye alisimama upande wa fundi. Alitaka kujua wageni wa harusi wataelezwa nini watakapoinua macho. Wala sikuwacheka, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tumefundishwa, na baadhi yetu ndio tuliofundisha, kwamba kilichotoka ziwani au ardhini mwetu ni alama ya ufukara na kilichotoka dukani ni alama ya maendeleo. Hata kanuni zetu za ujenzi za mwaka 1968 zilikuwa na mwelekeo huo, na ilikuwa hadi marekebisho ya mwaka 1995 ndipo vifaa vya kienyeji, kama vile matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kutiwa saruji kidogo, vilipoanza kupewa nafasi. Matofali hayo hayachomwi. Mtu aliyeona tanuri la matofali likila shehena ya mikaratusi kwa siku kadhaa anaelewa uzito wa neno hilo, ila hilo ni jambo la makala nyingine.

Haki inanitaka niseme na yanayonipinga. Nchini Gambia jaribio kubwa lilifanywa la kuondoa paa za nyasi na kuweka za bati, kuiziba mianya na kuweka milango na madirisha yenye wavu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba watoto wa nyumba hizo hawakuugua malaria kwa uchache kuliko wenzao wa nyumba za nyasi. Kupunguza mbu chumbani, kama walivyofanya wa Ahero, si sawa na kuupunguza ugonjwa. Mtoto huumwa na mbu hata uani, akingoja chakula cha jioni. Chandarua kisitupwe kwa sababu ya dari. Aidha mafunjo hushika moto, kwa hiyo jamvi halina nafasi jikoni, na jiko sharti liwe kando, lenye njia yake ya moshi. Panya hulipenda jamvi. Popo hukaa juu yake, na vumbi hudondoka. Na vinamasi vya ziwa letu navyo vinapungua kwa kuchomwa na kulimwa, ingawa mafunjo yakikatwa kwa kiasi huchipuka tena. Msusi anayeishi kwa jamvi ana sababu ya kukilinda kinamasi kuliko mtu yeyote mwingine.

Yapo pia yaliyofanikiwa, nayo hayakufanyika mbali. Katika kisiwa cha Rusinga, kati ya mwaka 2012 na 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Wageningen cha Uholanzi kilifunga mitego ya mbu yenye kuiga harufu ya binadamu, ikiendeshwa kwa umeme wa jua uliotegwa juu ya paa za wenyeji. Malaria ilipungua kwa kiasi cha asilimia 30 kwa waliokuwa na mtego. Mtambo ule ule uliwasha taa na kuchaji simu. Hapo nyumba ilitazamwa kuwa kitu kimoja, ikiwa paa, mwanga na afya kwa pamoja, wala si kazi ya wizara tatu zisizosalimiana.

Ninayaandika haya kwa walimu hasa, kwa kuwa jambo hili sasa limeingia katika hati zetu za mishahara. Kwa sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye ajira hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu anayelipa ana haki ya kuuliza nyumba hizo zitakuwa ngapi na zitauzwa kwa nani, na tumeuliza sana. Sijasikia tukiuliza zinatazama upande gani. Chumba kinacholielekea jua la magharibi mjini Kisumu, kisicho na upenu, kitamdai mpangaji wake feni maisha yake yote, na feni itamdai umeme, na bili hiyo haimo katika bei inayotangazwa kuwa nafuu. Kugeuza mchoro kabla ya msingi kuchimbwa hakugharimu kitu. Kugeuza nyumba iliyokwisha simama hakuwezekani.

Na shule zetu je? Maseno imefundisha tangu mwaka 1906, shule ya wamisionari ilipoanzishwa, na leo kuna chuo kikuu hapa hapa juu ya Ikweta. Wanafunzi wa fizikia hukariri mnururisho, mpitisho na msafara wa joto kwa ajili ya mtihani, wakiwa wameketi chini ya mfano bora wa yote matatu, nao hawaambiwi wainue macho. Kamati za wazazi huchangisha fedha za lango la shule lenye maandishi ya dhahabu. Kwa sehemu ya fedha hizo madarasa kadhaa yangewekwa dari, ya mafunjo au ya mbao, mradi iwe dari.

Nyumbani kwangu tulifikia maafikiano. Sebuleni mama watoto alipata dari ya mbao iliyopakwa rangi, ili wageni wa harusi wasihangaike. Vyumba viwili vya kulala vimewekwa majamvi ya mafunjo, yamebanwa kwa papi nyembamba, na ncha zake zimeshonwa ukutani pasibaki pengo la mbu. Chumba cha tatu, kilicho stoo kwa sasa, nimekiacha na bati tupu kwa makusudi. Mvua ikinyesha tunaweza kuzungumza katika vyumba vile viwili, japo kwa kuinua sauti kidogo. Panya bado sijampatia dawa, nami ninapokea mashauri. Mwalimu mmoja wa shule jirani ameniomba ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wake wa kidato cha pili na vipimajoto vitatu, kimoja kwa kila aina ya chumba, wasome kila saa kuanzia alfajiri hadi usiku. Nimemwambia waje tarehe 21 Machi, na wasisahau kijiti.